Maman Moniteri Hakutaka Kusamehewa

Maman Moniteri hakukumbuka majina ya watu. Alikumbuka makosa yao barabarani. Ungekutana naye sokoni Kamembe, umevaa vizuri, uko na wakwe zako, naye angekutazama kidogo halafu aseme, "Weye njo ule wa kusahau feri ya mukono," yaani breki. Mimi aliniita Vitesi ya Pili, kwa sababu nilipojifunza kwake nilikaa majuma mengi bila kuthubutu kuingiza gia ya tatu. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye malori ya kubeba saruji kutoka Bugarama, aliitwa Mitaro. Siku moja alipita mbele ya duka langu la vitenge akiwa na wageni wake wa Kigali, na Maman Moniteri akamsalimia kwa jina hilo bila kupunguza sauti. Yule bwana akavua kofia.

"Maman, mitaro niliiacha zamani."

"Nimesikia," akamjibu. "Lakini sijaona."

Moniteri ndivyo tunavyomwita hapa mwalimu wa udereva. Shule yake aliachiwa na mumewe: gari moja, kibao cha kupachika juu ya gari, na picha kubwa ya alama za barabarani iliyotundikwa sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya Makka. Mume alipofariki, mtaa wote ulidhani atauza gari afungue duka la unga. Yeye akahamia kiti cha mwalimu. Wanaume walikataa kufundishwa na mwanamke. Wakaja wanawake kwanza, wake wa wafanyabiashara na mtawa mmoja wa Gashonga, wakapata permi zao za kuendesha, ndipo wanaume wakaanza kuja kimyakimya, wakiomba masomo yafanyike mbali, huko Nzahaha kwenye mashamba, wasionekane. Aliwakubalia, halafu siku ya kwanza akawapitisha katikati ya soko.

Gari lenyewe lilikuwa Kosineli, lile dogo lenye mgongo wa mviringo, injini nyuma na mizigo mbele. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Lilikuwa la zamani hata mimi nilipokuwa msichana, na wazungu waliopita kuelekea mpakani walisimama kulipiga picha. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Baada ya sala ya alfajiri nilisikia ndoo, kisha mlango wa gari, kisha injini ikikohoa na kushika. Aliliacha lingurume pale pale uani huku akinywa chai amesimama. Hakuwa akienda popote saa ile. Nilipomuuliza kwa nini, alisema motere ikilala sana inakuwa na hasira, na akanigeuzia mgongo kama mtu aliyekwisha kusema mengi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kazi yake ilikuwa kazi ya kuachwa. Mwanafunzi anakaa naye bega kwa bega miezi kadhaa, anamtolea jasho, anamwambia mambo ya nyumbani kwake kwa sababu mtu anayeogopa mteremko huongea sana. Halafu anapata permi, na siku hiyo hiyo anaacha kumhitaji. Nusu ya madereva wa Kamembe walipita mikononi mwake. Alipotembea barabarani alipigiwa honi kila hatua, na hakuna gari lililosimama. Nadhani walimwogopa kidogo. Hakuna anayependa kuendesha mbele ya mwalimu wake. Lakini pia walikuwa na haraka, na yeye ndiye aliyewafundisha kutosimama ovyo.

Hakujua kupika kidogo. Ijumaa alipika wali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, katika sufuria ile ile aliyoitumia wakati mumewe yuko hai na nyumba imejaa ndugu na wapangaji, halafu akapitisha sahani juu ya uzio, moja, ya pili, ya tatu. "Leo nimekosea kipimo," alikuwa akisema. Alikosea kipimo kila Ijumaa. Nilimwambia siku moja nitamnunulia sufuria ndogo, naye akanitazama vibaya hata nikaacha kulitaja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alihubiri mkanda wa usalama mpaka watu wakamchoka, na kwa kuwa kiti cha nyuma cha Kosineli hakikuwa na mikanda, hakumruhusu mtu yeyote kukaa nyuma. Mvua inyeshe, mwende msibani, haidhuru. Gari lilibeba abiria mmoja tu. Kwa hiyo gari lake lilipita mara nyingi na kiti cha nyuma kitupu huku majirani wakilowa kando ya barabara, na wengine walimwona mchoyo. Alifundisha watu kuvuka mpaka kwenda Bukavu, wapi pa kusimama, wapi pa kugeuka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvusha gari lake daraja la Rusizi. Na alizichukia pikipiki za abiria kuliko kitu chochote. Hata hivyo, alipougua malaria kali alijikongoja hadi barabarani na kupanda pikipiki kwenda hospitali, wakati mimi niko nyuma ya minyaa napanga vitenge. Nilipopata habari nilikwenda wodini nimekasirika.

"Maman, mimi niko mulango kwa mulango na weye. Juu ya nini haukuniita?"

"Weye ungefunga duka," akasema, "ungekuya na sura ya huruma. Motari ananiuliza tu, unaenda wapi. Nikamwambia. Akanipeleka."

Nilimwachia machungwa nikarudi.

Mtoto alikuwa naye mmoja, binti, anayeishi Ubelgiji na mume na watoto. Walizungumza Jumapili kwa simu. Binti alimsihi ahamie kule, na mwaka mmoja Maman Moniteri alikwenda kweli, akakaa kipindi cha baridi. Alirudi mapema kuliko ilivyopangwa. Kuhusu wajukuu alisema tu kwamba ni wazuri na hawapendi pilipili. Lakini kulikuwa na jirani wa kule ambaye hakuacha kusimulia habari zake, na nitamtaja mahali pake.

Kitu kimoja nilikigundua polepole: alichukia kusamehewa. Sisemi msamaha wa makosa. Huo alikuwa anaudai kwa watu na kuutoa kwa shida. Nasema kule kuambiwa, wewe mama umezeeka, hili halikuhusu tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima unapotoka na majembe kufyeka na kuzibua mifereji, wazee wanaruhusiwa kubaki nyumbani. Yeye alitoka na jembe. Kiongozi wa mtaa, mtu mpole, alimfuata kila mwezi kumwambia, "Mukecuru, bibi yetu, weye umesamehewa, rudi upumzike," na yeye kila mwezi alijibu kwamba mfereji unapita pia mbele ya nyumba yake. Hatimaye wakampa kazi ya kulinda makoti ya watu. Aliyalinda asubuhi nzima amesimama wima, na mwezi uliofuata hakutoka.

Mwezi wa Ramadhani daktari alimkataza kufunga kwa sababu ya presha, na shehe akamwambia dini nayo inamruhusu, alishe maskini inatosha. Alilisha maskini. Lakini mchana sikumwona akila, na moshi wa jikoni kwake haukutoka mpaka magharibi. Kwenye harusi walimpa kiti cha mbele kabisa, cheupe, chenye utepe, na wakamletea soda kabla ya wengine. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, nikimenya viazi, na nilimwona kupitia mlango akigeuza shingo kutusikiliza tunavyocheka. Alikuja mara moja kuuliza kama chumvi imetosha. Wasichana wakasema, "Maman, kaa tu, usichoke," wakamrudisha kwa mkono kwenye kiti chake.

Mahali ambapo hakusamehewa palikuwa kwenye kontroli. Kila mwaka gari lazima lipimwe breki, taa, moshi, matairi na chini yake, na bila karatasi ile huwezi kutoka nalo. Mashine ya kupimia huletwa huku wilayani kwetu Rusizi kwa siku chache, na magari yanapanga foleni tangu asubuhi. Kila mtu huilalamikia siku hiyo. Maman Moniteri aliingoja kama Idi. Alipeleka Kosineli kwa fundi mapema, akaliosha mpaka ndani ya magurudumu, akavaa kitenge kipya, ambacho alinunua kwangu bila kuomba nipunguze. Akaenda kupanga foleni na malori, mabasi na pikapu za muhogo. Madereva walishuka, wakaegemea magari yao, wakazungumza, na yeye akazungumza nao. Aliwaambia makosa yao nao wakamtania juu ya gari lake. Zamu yake ilipofika, mkaguzi alimwambia maneno yale yale aliyomwambia dereva wa basi. Washa taa. Piga honi. Kanyaga feri. Achia. Kanyaga tena. Aliyatii kwa uso ambao sikuuona kwake mahali pengine.

Ndipo akaja Bwana wa Kigali. Simtaji jina, hakutukosea. Alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, aliyerithi gari la zamani la baba yake na kulipenda, na kwa ajili hiyo alikuwa amekusanya wenzake wenye magari kama hayo wakaunda chama. Walitaka kuiomba serikali iyaondolee magari ya zamani kontroli ya kila mwaka, kama inavyofanyika katika baadhi ya nchi za nje. Alizunguka nchi akitafuta wenye magari hayo. Huku kwetu alimpata Maman Moniteri bila kutafuta sana. Aliuliza kituo cha mafuta, wakamwonyesha mlima wetu.

Mkutano ulifanyika katika ua wa hoteli moja juu ya ziwa. Nilikwenda naye kwa sababu kiti cha abiria kilikuwa wazi. Magari yalikuwa machache: la padri mstaafu, la mzee mmoja aliyewahi kuwa karani bandarini, pikapu chakavu ya mnunuzi wa maharage wa Nzahaha, na Kosineli. Bwana wa Kigali alizungumza vizuri, na nakiri maneno yake yaliniingia. Alisema mashine za kupimia zimetengenezwa kwa magari ya leo, hivyo zinayahukumu magari ya zamani kwa sheria ambazo hayakuzaliwa nazo. Alisema magari haya hutembea kidogo na yanatunzwa kama watoto. Yakisumbuliwa kila mwaka, wenye kuchoka watayauza kama chuma chakavu, na wajukuu wetu watayaona kwenye picha tu.

Mnunuzi wa maharage akanyoosha mkono. "Yangu pia isamehewe. Kila mwaka bananikatalia juu ya moshi."

"Gari lako linafanya kazi gani, mzee?"

"Inabeba maharage kutoka Nzahaha."

Bwana wa Kigali akatabasamu kwa huruma. "Hapo ndipo penye sharti. Msamaha ni kwa gari ambalo halifanyi kazi. Litoke siku za sherehe, maonyesho, labda Jumapili kutembea kidogo. La kubeba maharage, hapana."

Watu wakacheka, na mnunuzi wa maharage akacheka pia, akamalizia chai yake na kuondoka. Kisha Bwana wa Kigali akamgeukia Maman Moniteri. Alimwambia gari lake ndilo zuri kuliko yote aliyoyaona nje ya Kigali, na kwamba wangependa aseme neno, kwani mama mwalimu wa udereva akiomba, watu watasikiliza.

Alisimama. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kontroli.

"Bwana, nikwambie kitu nilionaka kule Ubelgiji ku binti yangu," alisema. "Jirani yake ana gari sawa na yangu. Nyekundu. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema, hapa nimepata ndugu. Yule muzee akanieleza na furaha nyingi: gari yake haiendi ku kontroli, bameisamehe. Nikamuuliza, inaenda wapi? Akasema haiendi fasi yoyote. Ameifunika na nguo. Siku ya Mungu anafunua, anapanguza, anafunika. Nilikaa kule baridi yote. Sikusikia motere hata siku moja."

Bwana wa Kigali akadhani amemaliza, akaanza kushukuru.

"Sijamaliza. Gari yangu ni muzee, ni kweli. Miye pia. Na tangu nizeeke, kila fasi bananisamehe. Ku umuganda bamenisamehe. Kufunga bamenisamehe. Ku harusi bananipatia kiti ya mbele, halafu hakuna muntu ananiambia, maman, angalia kama chumvi inatosha. Kunabaki fasi moja yenye bananiuliza kitu. Maman, washa taa. Maman, kanyaga feri. Sasa munataka kunisamehe na kule. Nitakuwa navaa kwa kuenda wapi?"

Padri mstaafu aliitazama meza. Bwana wa Kigali, na hapa nilimheshimu, hakubishana. "Mama," alisema, "hakuna anayekulazimisha." Akamsindikiza hadi kwenye gari na kumfungulia mlango. Njiani kurudi, nilipoweka mkono dirishani, Maman Moniteri aliniambia niurudishe ndani.

Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa mrefu, na Kosineli lililala nje. Kontroli ilipokuja tena nilikuwa na gari langu dogo la kubebea bidhaa, nikapanga foleni nyuma yake. Mkaguzi alikuwa kijana wa watu, mwanafunzi wake wa zamani. Maman Moniteri alimwita Klinyota, yaani taa ya kukata kona, kwa kuwa alikuwa akiwasha taa ya kushoto na kukata kulia. Kijana akapima taa, zikapita. Breki zikapita. Kisha akashuka kwenye shimo kutazama chini ya gari, na akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Nilisikia akigonga kwa bisibisi, na sauti haikuwa ya chuma kizima. Alipopanda alikuwa na unga wa kutu kwenye nyusi. Alimwendea dirishani, akachutama, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Maman, chini imeoza. Si fasi moja. Pale zamani balichomeleaka pameachia, na yenye inashika kiti yako imekwisha."

"Inaweza kuchomelewa tena?"

"Hakuna pa kushika, Maman. Chuma imekuwa karatasi." Akafuta uso. "Nikiandika, sijui kama itarudi ku barabara. Ile chama ya Kigali... kama ungengoja mambo yao—"

"Andika vile umeona."

Bado alikuwa amechutama. Nyuma yetu lori lilipiga honi.

"Klinyota," akamwambia, taratibu kabisa, "andika. Bantu banangoja."

Aliruhusiwa kulirudisha nyumbani. Aliendesha polepole na taa za hatari zikiwaka, nami nikamfuata nyuma mpaka uani. Nilikuwa na hasira, na sikuificha. Nilimwambia kwamba siku ile hotelini angesema ndiyo, leo angekuwa na matumaini ya kubaki na gari lake. Alikuwa amekaa bado kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Ningeshuka nayo mu mteremko ya Gitambi," akasema, "chini imeoza, na karatasi inasema imesamehewa. Ile mutoto yenye inavuka barabara, nani amemusamehe?"

Nikaenda zangu nikafungua duka. Siku nzima sikuuza vizuri.

Kwa muda aliendelea kama zamani: ndoo, mlango, injini, chai ya kusimama. Aliliosha gari ambalo haliendi. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuhamia shule mpya yenye magari ya kiyoyozi. Binti alipiga simu mara nyingi zaidi. Nilianza kupitisha sahani mimi juu ya uzio, naye alizipokea na kuzirudisha zimeoshwa, na katika sahani ile hakuweka kitu, jambo ambalo mwanamke wa Kamembe halifanyi. Sahani hairudi tupu. Nikajua hapiki.

Asubuhi moja sikusikia injini. Nilisubiri, nikajiambia labda amechelewa kuamka, kisha nikazunguka uzio bila viatu. Nilimkuta amekaa ndani ya gari, kiti cha abiria, mikono mapajani. Betri ilikuwa imekufa. Alikuwa mzima, hana homa, hana chochote.

"Mwite ule bwana," akaniambia. "Mwambie anaweza kukuya kuibeba."

Bwana wa Kigali alikuja mwenyewe, pamoja na lori la kubebea magari lililopita msitu wa Nyungwe asubuhi ile. Walitaka kulivuta Kosineli kwa waya. Maman Moniteri akakataa. Walitoa betri kwenye lori wakamfungia, naye akaliwasha na kulipandisha kwenye mbao zile mbili nyembamba, yeye mwenyewe, bila kumwangalia aliyekuwa akimwelekeza kwa mikono. Alivuta breki ya mkono, akaweka gia ya kwanza, akashuka na kumkabidhi bwana yule funguo. Mtaa ulitoka kutazama. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona wengine hawapigi, akaacha.

Miezi michache baadaye Bwana wa Kigali alituma picha kwenye simu yangu, kwa kuwa ya Maman Moniteri ilikuwa ya vitufe. Kosineli lilikuwa limewekewa sakafu ya mbao na kupakwa rangi, na limewekwa katika bustani ya hoteli moja, limezungukwa na maua. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Nilimpelekea. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama sana.

"Muulize kama banaiwasha."

Niliuliza. Jibu lilikuja kwa sauti, la upole kama kawaida yake: hakuna haja, wametoa betri na mafuta ili lisiharibike, sasa mama asiwe na wasiwasi, halitasumbuliwa tena. Nilitaka kumfupishia, lakini alikuwa amekwisha kusikia. Akanirudishia simu, akaniuliza bei ya vitunguu. Kuhusu ule msamaha wa chama, hadi leo sijasikia uliishia wapi.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kabla kidogo ya binti yake kuja kumchukua. Mashine ya kontroli ilikuwa imerudi mjini, nami nilikwenda mapema na gari langu. Foleni ilikuwa ndefu, na karibu na mwanzo wake, kati ya basi la Bugarama na lori la ndizi kutoka Gashonga, nilimwona amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ambayo dereva mmoja alikuwa amempa. Alikuwa amevaa kitenge cha kontroli. Hakuwa na gari, hakuja na mtu. Dereva wa basi alikuwa akimweleza kitu kuhusu kiyoyozi chake, naye alitikisa kichwa kama anayefuatilia, lakini yule dereva aliitwa mbele, akaondoka, na hakuna aliyechukua nafasi yake.

Nilifungua mlango wa upande wa pili. Alinitazama, akaacha ndoo, akaja akakaa na kufunga mkanda. Tulingoja pamoja mpaka jua likapanda. Zamu yetu ilipofika, mkaguzi, yule yule, alimsalimia kwa heshima kisha akamwambia, kama anavyowaambia abiria wote, ashuke asubiri nje ya mstari. Akashuka. Nikampa mkoba wangu anishikie.

"Kanyaga feri," mkaguzi akasema.

Nilikanyaga, na nikiwa nimekanyaga nikamwona yule mama upande wa pili wa mstari, mkoba wangu kifuani, mguu wake wa kulia ukibonyeza saruji. "Achia." Kisigino chake kikainuka. "Kanyaga tena." Sijui kama mkaguzi aliona. Alikuwa anatazama namba zake.

Gari lilipita. Nilisogea mbele nikamfungulia mlango, akapanda, akaniwekea mkoba katikati ya viti. Nikawasha taa ya kukata kushoto, upande wa kwetu.

"Usinirudishe ku nyumba kwanza," akasema.

"Tuende wapi, Maman?"

"Weye njo dereva."

Nikazima taa ile, nikageuza gari kuelekea Gashonga. Niliendesha vibaya, nilijua, na gia zilinipigia kelele. Tulipita malori ya saruji yakipanda kwa shida, tukapita watu wenye majembe, tukafika kwenye migomba ya kwanza, na mpaka hapo hakuwa amenikosoa hata mara moja.